Kiwanja cha Chini Kabisa

Asubuhi moja ya Agosti mwaka 1996, Walburga Ndunguru aliikuta barabara ya kuelekea eneo jipya la viwanda imezibwa na wanawake. Hawakuwa na mabango wala kelele. Walikaa chini kwenye vumbi, wamenyoosha miguu kama watu waliokuja msibani, majembe yamelazwa mbele yao. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye kitenge cha rangi ya kutu, alikuwa amepakata kabichi.

Walburga alishuka kwenye pikipiki ya ofisi, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema.

"Milele amina," waliitikia, maana adabu ni adabu hata siku ya ugomvi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alijibu yule mwenye kabichi. Jina lake Notburga, na bustani yake ndiyo ilikuwa ya kwanza chini ya viwanda, pale kijito cha Lihamba kinapoingia bondeni. "Wewe ndiye afisa mipango miji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi pokea."

Alimkabidhi ile kabichi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa matoleo kanisani. Majani ya nje yalikuwa yamebabuka, kingo zimekuwa nyeusi, na harufu yake haikuwa ya mboga.

"Tangu enzi za mama mkwe wangu tunamwagilia maji ya Lihamba," Notburga alisema. "Mwaka huu tukimwagilia, mboga zinaungua kama zimepitiwa na moto, na mikono inatuwasha mpaka viwiko. Tumekwenda kiwandani, tumeambiwa nendeni serikalini. Sasa serikali ni wewe."

Walburga hakuja kwa ajili ya kabichi. Alikuja kukagua eneo na kuridhia kwamba kila kitu kiko sawa, ili Desemba wageni wakubwa waje kukata utepe. Na Songea ilikuwa na kiu ya utepe huo. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanakufa, watu waliozoea mshahara wanarudishwa nyumbani mikono mitupu, na soko huria lililosifiwa redioni kila jioni lilikuwa limefika kusini kwa sura ya mitumba na baiskeli za Kihindi. Eneo la viwanda vidogo, ng'ambo ya mto Ruhuwiko, ndilo lilikuwa jibu la mji. Viwanja vilikuwa vimekwisha kugawiwa: cha kukamua alizeti, cha sabuni, cha mbao, cha gereji. Kiwanda kilichokuwa kimeanza kazi ni kimoja tu, cha ngozi, cha Mzee Hamisi.

"Nipisheni nikaone," Walburga aliwaambia. "Nitarudi hapa hapa kuwaambia nilichokiona."

Notburga aliondoa jembe lake njiani. Wengine wakafuata.

Mzee Hamisi alikuwa Myao wa Nalasi, mrefu, mwenye kanzu fupi na viatu vya mpira. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, yeye alikuwa wa mbele, na faida yote akaja kuizika Songea katika kuta za matofali, mashimo ya sementi na paa la bati. Alimpokea Walburga kwa furaha ya kweli.

"Karibu, mwanangu, karibu. Ngozi za nchi hii zilikuwa zinaoza machinjioni. Leo tunatengeneza mikanda, tunatengeneza viatu vya watoto wa shule. Wallahi, kwa mikono ya watu wa hapa hapa."

Alisema kweli. Walburga alizungushwa kila mahali. Aliona ngozi zilizolowekwa katika chokaa ili manyoya yatoke, akaona vijana wakizikwangua, akaona marundo ya magome ya miti ya miwati, ya kuivishia ngozi, yaliyoletwa kutoka Njombe, na pembeni mapipa ya kromu, dawa ambayo Mzee Hamisi alisema inaharakisha kazi. Wengi wa wafanyakazi aliwatambua. Walikuwa watu waliopunguzwa kazini, makarani na madereva wa jana.

"Na maji ya kuoshea, mzee, yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda chini."

"Chini wapi?"

Mzee Hamisi alikohoa kidogo. Akampeleka nyuma ya ukuta. Mfereji uliochimbwa kwa jembe ulitoka kiwandani, ukateremka kati ya nyasi, rangi yake kama uji wa ulezi, ukaingia Lihamba moja kwa moja. Ilikuwa kiangazi na kijito kilikuwa chembamba. Maji ya kiwanda yalikuwa karibu sawa kwa wingi na maji ya Mungu.

"Nilinunua kiwanja, nikapewa ramani," alisema, sauti sasa imeshuka. "Nikatazama ramani nione mtaro wa kupeleka maji machafu. Haupo. Nikauliza, nikaambiwa jenga kwanza. Nikajenga. Sasa, mwanangu, ulitaka niyanywe?"

Walburga alifungua ramani juu ya tangi la pikipiki. Ilichorwa na kampuni moja ya upimaji kabla yeye hajahamia idara ile. Barabara ilikuwepo, viwanja vilikuwepo, vimenyooka kama meza za darasani. Mtaro haukuwepo. Mteremko wenyewe haukuonyeshwa, kana kwamba mchoraji alidhani Songea ni tambarare kama sakafu. Mzee Hamisi alikuwa na kosa, lakini hakulianzisha yeye.

Sheria ya mazingira ya kushikilia ilikuwa bado haijatungwa miaka ile. Alichokuwa nacho ni sheria ndogo za afya, kanuni za maji, na masharti ya kiwanja. Vilitosha.

"Kuanzia leo, mzee, usioshe ngozi wala kutoa manyoya hapa mpaka tupate njia ya maji. Kushona endelea. Na hiyo kromu ifunge, usiiguse."

Kijana mmoja aliyekuwa akikwangua ngozi aliweka kisu chini. "Dada," alisema taratibu, "sisi tulishapunguzwa mara moja."

Neno hilo lilimfuata Walburga mpaka barabarani, alikowaambia wanawake alichokiona, na likamfuata mpaka ofisini, ambako mkuu wake, Bwana Ramson, mtu wa Mbeya asiyependa maneno mengi, alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo tuna kiwanda kimoja, na wewe umekisimamisha," alisema.

"Nimesimamisha kuosha tu, bwana."

"Kiwanda cha ngozi kisichoosha ni duka la mikanda." Alifumbua macho. "Sikulaumu. Nami nisingeunywa huo uji wa ulezi. Lakini kamati ya mipango miji ikikaa, usije na ugonjwa peke yake. Njoo na dawa."

Dawa aliijua kwa jina. Pale chini ya eneo lote yachimbwe mabwawa ya kutuamisha maji, moja likimiminikia jingine, taka nzito zibaki chini, maji yatoke taratibu kupitia matete kabla ya kufika kijitoni. Mtaro mmoja mkubwa ukusanye maji ya viwanja vyote, vya leo na vya kesho. Asichokijua ni mahali. Kwa hilo ilibidi ardhi ipimwe upya.

Kijana wa ofisi wa kushika rula ya kupimia alikuwa amepunguzwa naye. Ndipo Rupert, mume wa Walburga, alipojitolea. Rupert Haule alikuwa fundi wa magari. Karakana ya shirika alikofanyia kazi tangu ujana ilikuwa imefungwa, na alikuwa anatengeneza pikipiki za watu uani kwake, chini ya mpapai. Kati ya viwanja vile vya viwanda, cha gereji kilikuwa chake. Alikipata kwa kura, mbele ya umati, wakati mkewe bado anafanya kazi Mbinga. Alikuwa amekwisha kusomba mawe ya msingi, akayapanga kwa ukubwa kama mtu anayepanga vitabu.

Walipima kuanzia kiwandani kushuka. Walburga aliinama kwenye darubini, Rupert akisimamisha rula, wakihama hatua kwa hatua, naye akisimulia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kazi, hata kama ni ya kushika kijiti.

"Hapa ndipo lango," alipaza sauti walipofika kwenye mawe yake. "Lori linaingia hivi, linageukia pale. Hapa ninachimba shimo la kukagulia magari chini. Na pale, Mama Jane, chumba chako cha kupumzikia ukichoka na wanasiasa."

Walburga alisoma tarakimu kwenye darubini. Akasoma tena. Kisha akamwomba Rupert asogee kushoto, na kulia, na nyuma, hadi jua likawachoma shingo. Upande wa kushoto kulikuwa na mwamba. Kulia ardhi ilipanda. Maji ya eneo lote, ya alizeti, ya sabuni, ya ngozi, yalikuwa na mahali pamoja pa kukutana kabla ya Lihamba, na mahali hapo palikuwa na mawe ya msingi yaliyopangwa kwa ukubwa.

"Vipi?" Rupert aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Jua," alisema Walburga. "Tufunge kazi."

Alikaa na siri ile moyoni siku kadhaa, ikamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Alichora upya. Akajaribu kupeleka mtaro juu ya mwamba, akajaribu kuligawa bwawa, akajaribu kila ujanja aliofundishwa chuoni Dar es Salaam. Angeweza kusema mwamba unafaa. Nani angekwenda kupima? Lakini kila alipofikia hapo aliiona ile kabichi. Na alijua vilevile kwamba siku mtu atakapogundua mke wa mwenye gereji amekikwepesha kiwanja cha gereji, hakuna tajiri mwingine katika eneo lile atakayemsikiliza tena.

Jumapili, walipotoka misa, Jane akaenda kwa bibi yake, na wao wakabaki uani. Walburga alikuwa anachambua maharage. Rupert alikuwa ameishika kabureta ya pikipiki ya mwalimu mmoja, anapuliza matundu yake.

"Baba Jane," alianza, "nimepata mahali pa mabwawa."

"Alhamdulillahi, kama anavyosema Mzee Hamisi. Wapi?"

"Kwetu."

Rupert aliacha kupuliza. Alidhani hakusikia sawasawa. "Kwetu wapi?"

"Kwenye kiwanja cha gereji. Ndicho cha chini kabisa. Nimetafuta kwingine, hakuna."

Aliiweka kabureta juu ya gazeti polepole sana, na upole ule ulimtisha Walburga kuliko kelele.

"Kwa hiyo," alisema, "uchafu wa ngozi za Hamisi ndio utakaonirithi. Shirika limenitoa. Nimekaa chini ya mpapai kama kuku. Nimepata kipande cha ardhi kwa kura yangu, si kwa hisani ya mtu. Na anayekuja kuninyang'anya ni mke wangu."

"Si kunyang'anya, Rupert. Utapewa kingine."

"Na nani? Na wewe?"

"Hapana. Utaomba kama watu wote, na Bwana Ramson na kamati wataamua. Mimi nitatoka nje."

Rupert alicheka kicheko kikavu. "Hata hilo hutanisaidia?"

"Hilo ndilo kabisa siwezi."

Alisimama, akachukua baiskeli yake, akatoka. Maharage yalimtoka Walburga mikononi, akayaokota moja moja, machozi yakimdondokea ungoni. Hakujuta kusema. Aliumia kwamba aliyembebesha mzigo huo ni yule aliyekuwa amekwisha kubeba mingi.

Siku mbili Rupert alijibu maswali kwa "ndiyo" na "hapana." Siku ya tatu, alasiri, Walburga alipokuwa anapita eneo la viwanda, alimwona kwa mbali karibu na lango la kiwanda cha ngozi, suruali imekunjwa, madebe ya maji yamemzunguka. Mama Notburga alikuwa pembeni, mikono kiunoni, akimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria.

"Mumeo ameazima madebe yangu," Notburga alimwambia Walburga. "Nimemuuliza ya nini, hasemi."

Rupert aliinua debe, akalimwaga pale langoni. Maji yalisita, yakapata njia, yakaanza kuteremka, naye akayafuata ameinama, akiondoa majani njiani, bila kuyasukuma maji wala kuyazuia. Yalipokwisha ardhini aliongeza debe lingine. Yalipita nyuma ya kiwanja cha sabuni, yakakunja, yakavuka barabara ya udongo, na mwisho, yakiwa yamebaki mkojo wa mbuzi tu, yakafika kwenye mawe ya msingi na kutulia hapo, yakameta juani.

Rupert alichuchumaa akiyatazama mpaka yakanywewa na ardhi. Aliposimama, uso wake ulikuwa umelegea.

"Fundi haamini mpaka ashike," alisema, bila kumtazama mkewe. "Nilitaka nikuone umekosea."

"Hata mimi nilitaka."

"Maji hayajui mke wa nani wala mume wa nani." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Ningejenga hapa, masika ya kwanza ningekuwa nakagua magari nikiwa ndani ya mtumbwi. Haya. Chukueni. Lakini mawe yangu nayahamisha mwenyewe, asinigusie mtu."

Notburga, ambaye ndipo alipoelewa kinachozungumzwa, alimtazama Rupert, akamtazama Walburga, kisha akasema neno moja tu la Kingoni, taratibu, la kushukuru, akachukua madebe yake akaondoka.

Kamati ilipokaa, mjadala ulikuwa mrefu. Mwenye kiwanja cha alizeti alisema hana sababu ya kuchimba shimo la uchafu ambao bado hajautoa. Mzee Hamisi naye alisema hawezi kuchimba peke yake wengine waje kufaidi. Walburga aliwatandikia ramani mpya mezani, yenye mteremko wake na mtaro wake, akawaeleza kwamba kila kiwanja kitaingiza maji mtaroni, na asiyeshiriki kuchimba hataunganishwa.

"Na hicho kiwanja cha chini ni cha nani?" aliuliza mtu.

"Kilikuwa changu," alisema Rupert aliyekaa nyuma, miongoni mwa wasikilizaji. "Nimekirudisha."

Mzee Hamisi aligeuka akamtazama. Watu wote pale walijua Rupert ni nani, na mkewe ni nani. Mzee alivuta ndevu zake.

"Kama kijana ametoa kiwanja chake kizima," alisema mwishowe, "mimi nitakuwa mtu gani nikinyima jembe? Watu wangu wamekaa bure. Waanze kesho, inshallah. Na hiyo kromu ichukueni. Tutarudi kwenye magome matupu kama walivyofanya wazee. Ngozi itachelewa, lakini itatoka."

Walichimba Septemba yote na Oktoba, udongo mgumu kama chungu kilichochomwa. Wakwangua ngozi walishika sururu. Wanawake wa bondeni, ambao hawakuitwa na mtu, walianza kuja asubuhi kusomba udongo kwa karai, wakisema wanataka kuona kwa macho yao kama shimo linachimbwa au linazungumzwa. Mwanzoni makundi mawili yale yalikula mbalimbali. Baadaye ugali ukawa mmoja, dagaa wa Nyasa sahani moja, na utani juu. Mzee Hamisi alitoa lori lake kuleta samadi kwenye bustani zilizoungua, jambo ambalo hakuna kamati iliyomwamuru. Rupert alikata mapipa ya mafuta akatengeneza milango ya kupitishia maji kutoka bwawa hadi bwawa, inayopanda na kushuka kwa mnyororo wa baiskeli. Alikuwa amepewa kiwanja kingine nyuma kabisa, juu ya mwamba, mahali ambapo shimo la kukagulia magari halichimbiki. Alinung'unika wiki nzima, kisha akaanza kujenga kilima cha mawe ili magari yapande juu yake.

Wageni wakubwa hawakuja Desemba. Ilikuja mvua.

Ilianza mchana, kubwa, ya kupiga bati mpaka watu wasisikilizane. Walburga aliacha ofisi, akaendesha pikipiki kwenye matope hadi mabwawani. Mtaro ulikuwa unashuka umejaa. Bwawa la kwanza lilishika. La pili lilikuwa limeanza kuvuja ukingoni, udongo mpya unamomonyoka vipande vipande, na chini yake, umbali wa kutupa jiwe, zilikuwa bustani.

"Rupert!" alipiga kelele.

Rupert alikuwa amekwisha kuingia majini, anahangaika na mnyororo ili apunguze maji yanayoingia. "Magunia!" alijibu. "Leteni magunia!"

Mzee Hamisi alitoka ghalani anakimbia, kanzu imefungwa kiunoni, amekumbatia magunia matupu ya korosho kifua kizima, na watu wake nyuma yake. Wanawake walipanda kutoka bondeni na majembe. Hapakuwa na wa kutoa amri. Mmoja alishika mdomo wa gunia, mwingine akajaza udongo, watatu wakaliburuta, na Notburga, aliyekuwa mzito wa mwili, akawa anapanda juu ya kila gunia likishawekwa na kulikanyagakanyaga mpaka lishike. Walburga alijaza udongo hadi kucha zikatoka damu bila kujua. Ukingo ulizama, ukayumba, ukasimama. Mvua ilipopungua walibaki wameketi juu ya magunia, wote rangi moja ya matope, na Mzee Hamisi akaanza kucheka, akacheka mpaka wengine wakaambukizwa.

"Nimechuuza korosho tangu ujana," alisema, "leo ndiyo nimejua kazi ya gunia."

Januari ukingo ulijengwa upya kwa mawe. Walburga alichukua maji pale yanapotoka kwenye matete na kuyapeleka kupimwa maabara, na akakataa kusema lolote kabla majibu hayajarudi, ingawa kwa macho yalionekana mazuri. Yalirudi yakisema maji yamepungua ukali kiasi cha kuruhusu kuosha ngozi kuendelea kidogo kidogo, na yapimwe tena kila msimu. Haikuwa shangwe kamili. Bwana Ramson aliyasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Sasa niandalie na eneo la Mbinga. Wanataka kukoboa kahawa."

Alasiri hiyo hiyo Walburga alishuka bondeni. Notburga alikuwa kitaluni, miche ya kabichi imejaa ungo, udongo umechanganywa na samadi, mweusi, umefukuliwa vizuri. Hakuwa amepanda bado.

"Nimekungoja," alisema. "Nipande?"

"Panda, mama. Anza na matuta ya juu. Haya ya karibu na kijito tuyaache msimu huu, udongo wake una kumbukumbu bado."

Notburga alikubali. Walburga alivua viatu, akakunja sketi, akachukua nusu ya miche. Walipanda wakiwa wameinama mgongo kwa mgongo, wakizungumza habari za ada ya kwaya na bei ya mbegu, hadi tuta la mwisho likaisha. Kisha Notburga akateremka kijitoni, akachota debe, akalileta, akaanza kumwagilia.